Reli Iliyojikunja Mezani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Malindi

Mwezi wa Februari, katika shule moja mjini Malindi, njia ya reli ya mfano iliyokuwa ikizunguka juu ya meza ndefu ilijikunja pembeni, na treni ndogo iliyokuwa ikipita hapo kila siku ikawa haiwezi kupita tena bila kuacha njia. Ijumaa jioni mtungo mzima, kichwa na mabehewa manne, ulikuwa umezunguka vizuri. Jumatatu asubuhi palionekana tumbo upande wa dirishani, mahali ambapo barabara ya mfano hukatiza reli, na tumbo hilo lilikuwa limechomoza milimita 19 kutoka kwenye mstari wake. Njia yenyewe, kutoka reli hadi reli, ina upana wa milimita 16.5; kwa hiyo ilikuwa imehama kupita upana wake wote.

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu chanzo kilichotajwa na karibu kila mtu hakikuwa chanzo, na kwa sababu njia za reli kubwa, zile zinazobeba maelfu ya tani, hujikunja kwa namna ileile iliyoonekana juu ya meza hii. Nilipata kufanya kazi ya kutunza njia ya reli kabla ya kurudi kuishi Malindi, na ndiyo maana mwalimu mwenye meza aliniita niitazame.

Malindi haina reli. Iliyo karibu zaidi iko Mombasa, kilomita zipatazo 120 kusini. Kaskazini yetu, Lamu, mradi wa LAPSSET, wa bandari na njia za uchukuzi, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 pamoja na mpango wa reli ya kwenda bara na kuvuka hadi Sudan Kusini na Ethiopia; gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021, lakini reli yenyewe haijajengwa. Mtoto anayekua hapa huweza kumaliza shule ya msingi bila kuona taruma hata moja, yaani kile kipande cha mbao, chuma au zege kinacholazwa kukingama chini ya reli, na maswali ya mtihani kuhusu uchukuzi huyajibu kwa kukariri. Mwalimu huyu wa sayansi alitaka wanafunzi wake waielewe reli kwa kuishika, na mimi naona alilolifanya ni jambo kubwa. Meza ile si mchezo wa kupambia darasa.

Vipimo vyake ni vya kipimo cha 1 kwa 87, ambacho ndicho kinachotumiwa zaidi duniani na watengenezaji wa reli za mfano. Ukizidisha milimita 16.5 kwa 87 unapata milimita 1,435, yaani upana halisi wa reli ya kisasa iliyozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi tarehe 31 Mei 2017. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita moja, na kwa kipimo hichohicho ingehitaji njia ya milimita 11.5, watengenezaji hutumia milimita 12. Wanafunzi walikipaka kichwa chao rangi ya damu ya mzee, kama vilivyokuwa vichwa vya mvuke vya Reli za Afrika Mashariki, na kwa hiyo juu ya meza kichwa cha zamani kinatembea kwenye njia ya kisasa. Mwalimu analijua hilo na hulitumia kufundishia.

Sasa meza yenyewe, kwa kuwa jibu lote limo humo. Ilitengenezwa na fundi seremala mtu mzima, aliyejifunza kazi kwa mafundi wa milango wa Lamu. Fremu yake ni ya mvule, na ndani ya fremu kuna kibao kimoja kikubwa chenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2. Kibao hicho si ubao mmoja. Kimeundwa kwa mbao fupi za saiprasi zilizobaki kwenye kazi ya milango, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 1.2, zikapangwa kukingama meza, zikaunganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi, kisha kibao kizima kikaingizwa ndani ya mfuo uliochongwa kwenye fremu kuizunguka pande zote. Juu yake wanafunzi walipaka rangi ya kijani, wakalaza reli, wakamwaga mchanga mnene badala ya kokoto na kuugandisha kwa gundi nyeupe iliyotiwa maji. Reli ni za aloi ya shaba, zinki na nikeli, ambayo haishiki kutu kama chuma, jambo la maana sana kwenye hewa ya chumvi. Maungio yote ya reli yalichomewa kwa risasi ili umeme upite bila kukatika. Kazi hiyo ilifanyika Juni, kwenye baraza lililo wazi, masika yakiwa bado hayajaisha. Mwezi wa Desemba meza ilihamishiwa chumba cha kompyuta, ambako kuna kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku.

Mwalimu alinipokea kwa jawabu tayari. "Mzee, ni hili joto la kaskazi. Hata mabati ya darasani yanalia mchana." Walimu wenzake walisema hivyohivyo, na mtu aliyewahi kusoma habari za reli kupinda wakati wa joto kali huko Ulaya ana haki ya kusema hivyo, kwa maana chuma hurefuka kikipata moto na reli ndefu isiyo na nafasi ya kurefukia lazima itafute pa kwenda.

Lakini hesabu haikukubali. Reli ya aloi ile yenye urefu wa mita 2.4 ikiongezewa nyuzi 10 za joto hurefuka milimita 0.4 tu. Zaidi ya hapo, chumba cha kompyuta kilikuwa kwenye nyuzi 24, wakati baraza la Juni lilikuwa na joto zaidi ya hilo. Reli ilikuwa imepoa tangu ilazwe, na reli iliyopoa hufupika. Kama jambo lingekuwa la joto peke yake, tungetarajia maungio yavutike na kukatika risasi, si njia nzima kutoka tumbo. Hapo niliacha kuitazama reli, nikaanza kutazama kilicho chini yake.

Kilichotoa ushahidi ni rangi. Kwenye ncha ya meza upande wa mlangoni, mahali kibao kinapoingia kwenye mfuo wa fremu, rangi ya kijani ilikuwa haifiki tena kwenye fremu. Kati ya ukingo wa kijani na mvule palikuwa na mstari mwembamba wa saiprasi nyeupe isiyoguswa na brashi, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na ndani yake vumbi lilikuwa halijapata hata muda wa kutulia. Niliupima: milimita 4. Nilizunguka hadi ncha ya pili nikakuta mstari kama huohuo, milimita 5. Kwenye pande ndefu za meza hakukuwa na chochote. Rangi ilikuwa imegusa fremu kama siku iliyopakwa.

Kibao kilikuwa kimefupika milimita 9 kwa urefu wa meza, na hakikufupika hata kidogo kwa upana wake.

Fundi aliitwa, na alipofika nilimwamkia, nikamwonyesha mistari ile. Hakushangaa. "Marahaba. Kibao kipana hakifungwi, mwanangu. Ukikifunga kitapasuka. Mlango wowote wa Lamu utakaoutazama, kibao cha kati kimekaa mfuoni bila gundi, kijongee kitakavyo." Nami nasema wazi kwamba fundi huyu hakukosea katika useremala wake. Ubao hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa. Unapounyonya huvimba na unapoutoa husinyaa, lakini karibu mabadiliko yote hutokea kwa upana wake, si kwa urefu wa nyuzi zake. Mti mbichi ukikaushwa kabisa hupungua urefu kwa sehemu 1 au 2 tu katika 1,000, wakati upana wake unaweza kupungua sehemu kadhaa katika 100. Kwa kuwa mbao zake zilikingama meza, upana wa kila ubao ulikuwa umelala kuelekea urefu wa meza, na kusinyaa kwa kila mmoja kukajumlishwa na kwa mwenzake kutoka ncha hadi ncha. Mfuo ulimpa kibao uhuru wa kufanya hivyo bila kupasuka, kama ambavyo mlango ungetaka.

Kipimo kidogo cha unyevu tulichokiweka ndani ya chumba kilisoma asilimia 52, na kilipotolewa barazani kikasoma 79. Ubao ulioachwa kwenye hewa ya asilimia 80 hatimaye hutulia ukiwa na maji yanayokaribia asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Kwenye hewa ya asilimia 50 hutulia ukiwa na asilimia 9. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye saiprasi tangu Desemba. Watu wa pwani tumezoea kuhesabu kaskazi na kusi, lakini kiyoyozi kimeleta ndani ya nyumba ukavu ambao misimu yetu haituletei, na samani nyingi zinazopasuka mijini siku hizi zimepasuliwa na mashine hiyo.

Kisa hiki kinafanana na reli kubwa, lakini pia kimegeuzwa. Kwenye reli kubwa ardhi hubaki na urefu wake na reli ndiyo hutaka kurefuka juani. Juu ya meza hii reli ilibaki na urefu wake, na ardhi ndiyo iliyofupika chini yake. Kwa reli yenyewe mambo haya mawili ni kitu kimoja: katika hali zote mbili inajikuta ndefu kuliko mahali ilipolazwa, inabanwa kutoka ncha zote mbili, na inasubiri kupata sehemu dhaifu ya kutokea.

Watu hushangaa kwamba milimita chache zinaweza kutoa tumbo kubwa kiasi kile, na hapa kanuni ya Pythagoras inayofundishwa shuleni inatosha. Chukua vipande viwili vya reli vyenye milimita 150 kila kimoja, viunganishe ncha kwa ncha, kisha vibane mpaka nafasi yao ya milimita 300 ipungue iwe 298. Vipande haviwezi kufupika, kwa hiyo vitakunjika penye kiungo. Kila kipande sasa ni upande mrefu wa pembetatu yenye kitako cha milimita 149, na ukipiga hesabu utaona kiungo kimesukumwa pembeni milimita 17. Milimita 2 za kubanwa zimezaa milimita 17 za kuhama. Kwenye meza milimita 9 hazikuishia zote penye tumbo: kona zote mbili za njia zilikuwa zimesogea nje kidogo na kuacha mkwaruzo kwenye rangi, na kilichobaki ndicho kilichotokea penye makutano ya barabara.

Kuhusu swali la kwa nini ilitokea ghafla, baina ya Ijumaa na Jumatatu, jibu ni kwamba kubanwa kulikuwa kwa polepole lakini kujikunja si kwa polepole. Njia iliyonyooka inaweza kuvumilia mgandamizo mwingi bila kuonyesha dalili yoyote, kwa kuwa nguvu inapita katikati yake. Inapofika kikomo, au inapopata kasoro ndogo ya unyofu, nguvu ileile inaanza kuusukuma upinde, na upinde unavyozidi ndivyo njia inavyopungukiwa na uwezo wa kupinga. Kila mfanyakazi wa njia anaufahamu mchana wa namna hii: reli imetulia saa nne asubuhi, na saa tisa alasiri imejisokota kushoto na kulia pamoja na mataruma yake, bila mtu kuigusa. Nasisitiza, pamoja na mataruma yake. Reli mbili na mataruma hujikunja kama kitu kimoja, na ndivyo ilivyokuwa mezani. Upana wa njia ndani ya tumbo nilipoupima ulikuwa bado sawa. Treni iliacha njia kwa sababu kona ilikuwa kali kupita uwezo wa magurudumu yake, wala si kwa sababu reli zilikuwa zimeachana.

Na kwa nini pale, penye barabara? Kwa sababu pale wanafunzi hawakumwaga mchanga. Walikuwa wametandaza kadibodi nyembamba juu ya mataruma kuigiza lami, na chini ya kadibodi mataruma yalikuwa yamelala juu ya rangi bila gundi. Sehemu nyingine zote mchanga uliogandishwa uliyashika mataruma imara. Njia iliyobanwa huchagua mahali ambapo haikushikwa, na kwenye reli kubwa mahali hapo mara nyingi ni pale kokoto zilipopungua kwenye mabega ya njia, yaani pembeni mwa mataruma, au zilipovurugwa na kazi ya juzi. Ndiyo maana baada ya gangi, yaani kikosi cha wafanyakazi wa njia, kuinua njia na kushindilia kokoto upya, treni huamriwa kupita kwa mwendo mdogo hadi kokoto zitakapotulia, na kazi za namna hiyo huepukwa wakati wa jua kali.

Kokoto ni kitu kinachodharauliwa sana na wanaotazama reli kutoka dirishani. Wengi hudhani zipo ili mvua ipite na magugu yasiote, na kweli kazi hizo zinafanyika, lakini kazi yake kubwa ni kuishika njia isihame. Zamani reli zilikuwa fupi, na kati ya reli na reli kuliachwa nafasi. Vyuma viwili vya pembeni, ambavyo wafanyakazi huviita fishpleti, vilifungwa kwa boliti kwenye matundu makubwa kidogo kuliko boliti zenyewe ili ncha za reli ziweze kuteleza. Reli ya mita 12 ikipata nyuzi 30 zaidi hurefuka milimita zipatazo 4, na nafasi ile ilitosha. Aliyesafiri kwa treni ya zamani kutoka Mombasa anaikumbuka sauti ya magurudumu yakigonga kila kiungo usiku kucha. Njia ile ilianza na reli nyepesi, za kilo zipatazo 25 kwa kila mita, zikiwa zimekaa juu ya mataruma ya chuma ambayo mchwa hawayawezi.

Njia nyingi za kisasa duniani hazina nafasi hizo. Reli huchomelewa ncha kwa ncha kwa kilomita nyingi, na kinachozuia zisijikunje ni kushikwa tu. Reli nzito ya kilo 60 kwa mita, ikizuiwa kurefuka huku ikipata nyuzi 30 zaidi ya zile ilizolazwa nazo, hubeba ndani yake nguvu ya tani zipatazo 56, na jambo la kustaajabisha ni kwamba nguvu hiyo haitegemei urefu: ni ileile kwa mita 300 na kwa kilomita 30. Ili kuigawa nguvu hiyo kwa haki baina ya baridi na joto, wahandisi huchagua nyuzi maalumu za kufungia reli, mahali ambapo haibanwi wala haivutwi. Uingereza wamechagua nyuzi 27. Chini ya hapo reli huvutwa, juu yake hubanwa, na mataruma mazito ya zege pamoja na kokoto zilizojaa mpaka mabegani huvumilia yote mawili.

Hapa mfano mdogo unashindwa kabisa kuuiga ukubwa, na nilimwomba mwalimu alifundishe jambo hili darasani. Ukipunguza urefu mara 87, uzito haupungui mara 87. Unapungua mara 87 kwa 87 kwa 87, yaani zaidi ya mara 658,000. Tani moja ya kokoto huwa gramu moja na nusu. Kichwa kikubwa kupita vyote vilivyowahi kutembea kwenye reli yetu ya mita moja, Garratt ya daraja la 59 iliyoundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kilikuwa na tani 252; kwa kipimo hiki kingekuwa na gramu zisizofika 400. Kwa hiyo mchanga wa mezani hauna uzito wa kushika chochote, na kila kinachofanywa na uzito kwenye reli kubwa lazima kifanywe na gundi. Lakini kusinyaa na kurefuka havipungui hivyo. Sehemu 4 katika 1,000, kiasi ambacho kibao chetu kilifupika, ni sehemu 4 katika 1,000 mezani na uwanjani. Nguvu ya kushika imekaribia kutoweka, na mwendo wa kutaka kuhama umebaki na kiwango chake chote.

Ufundi wa kutengeneza ulikuwa na njia tatu mbele yake, na mbili tuliziacha. Kukata nafasi kwenye reli na kuiacha ijinyooshe kungeponya Februari na kuharibu Juni, kwa sababu siku kiyoyozi kitakapozimwa masika kibao kitarudi kuvimba na nafasi zitafunguka milimita 9, shimo ambalo gurudumu dogo litaingia. Kutoa kibao kizima na kuweka plaiwudi kungefaa, lakini kungevunja kazi yote ya wanafunzi, stesheni na minazi na vyote, na sikuona sababu ya kufanya hivyo.

Njia ya tatu ilitoka kwa fundi mwenyewe. Alisema njia ya reli isikae juu ya kibao, ipewe kitanda chake. Alikata ukanda wa plaiwudi wa milimita 9 ukifuata mzunguko wa reli, kwa kuwa plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishanishwa nyuzi, haisinyai sana upande wowote. Aliupaka vanishi juu, chini na kwenye kingo zote ili unyevu uingie na kutoka kwa taabu. Kisha akaufunga kwenye kibao kwa parafujo imara katikati ya meza tu, mstari mmoja ambao hauhami. Sehemu nyingine zote parafujo zilipita kwenye matundu marefu ya milimita 12 aliyoyachonga kwenye ukanda, na chini ya kichwa cha kila parafujo akaweka washa, yaani kipete bapa cha chuma, akaikaza kiasi cha kuzuia ukanda usiinuke bila kuuzuia usiteleze. Nilipoyaona matundu yale nilimwambia kwamba ndiyo yaleyale ya fishpleti. Alijibu kwamba meza za kulia chakula hufungwa hivyo tangu zamani. Mchanga na majani ya mfano yaligandishwa kwenye ukanda peke yake, na pembeni yake likaachwa pengo jembamba lisilo na gundi, lililofichwa kwa nyasi za unga wa mbao.

Reli zililazwa upya asubuhi moja, kiyoyozi kikiwa kimezimwa tangu usiku na madirisha yakiwa wazi, ili zifungwe kwenye hali ya katikati na si kwenye baridi ya mashine wala kwenye joto la alasiri. Kwenye kila kiungo tuliacha nafasi ya nusu milimita, tukiipima kwa kipande cha kadi. Kwa reli ya sentimita 90 nafasi hiyo inatosha kwa nyuzi zote ambazo chumba kile kinaweza kuziona. Penye barabara, mataruma yaligandishwa kwanza na kadibodi ikaja baadaye.

Kuacha nafasi kulirudisha hofu ya mwalimu kuhusu umeme, hofu iliyomfanya achomee maungio yote hapo awali, na ni hofu ya kweli: kiungo kisichochomewa, kwenye hewa ya Malindi, huanza kukataa umeme baada ya miezi michache. Dawa yake ni kuacha kutegemea kiungo. Kila kipande cha reli kilichomewa waya wake mwembamba kwa chini, na nyaya zote zikateremka hadi kwenye nyaya mbili nene zinazozunguka chini ya meza. Hata kwenye reli kubwa zenye viungo, pale ambapo mkondo mdogo wa umeme hupitishwa relini ili ishara zijue kama kuna treni, waya huunganishwa kuvuka kila kiungo kwa sababu hiyohiyo. Pia niliwaomba wanafunzi waache kusugua reli kwa msasa. Msasa huacha mikwaruzo ambayo uchafu hujishika ndani yake, na reli iliyosuguliwa hivyo huchafuka upesi kuliko ya kwanza. Kitambaa chenye spiriti kinatosha.

Likizo ya Aprili kiyoyozi kilizimwa kwa wiki kadhaa, na mvua zikaanza. Shule ilipofunguliwa mwalimu aliniita tukapima pamoja. Mistari ya saiprasi nyeupe, iliyokuwa milimita 4 na 5, ilikuwa imepungua hadi milimita 1 kila upande, yaani kibao kilikuwa kimerudi kuvimba karibu milimita 7. Ndani ya matundu marefu, kando ya parafujo za mwisho, washa zilikuwa zimeacha alama ya kung'aa kwenye vanishi, milimita 3 upande mmoja na zaidi kidogo upande wa pili. Nafasi za kwenye viungo zilikuwa zilezile za nusu milimita, na tulipoweka rula ndefu kando ya reli ya dirishani hapakuonekana mwanga kati yake na reli.

Sehemu moja bado haijaguswa. Pointi ya kuingilia stesheni, yaani mahali njia inapogawanyika, iko kwenye ukingo wa meza, na ilibaki imegandishwa moja kwa moja juu ya kibao kwa sababu kuing'oa kungevunja jukwaa. Ndimi za pointi, vile vipande vya reli vinavyosogezwa ili kuielekeza treni, ni nyembamba na lazima ziwe huru kujongea, kwa hiyo haziwezi kustahimili kubanwa hata kidogo. Tayari ulimi mmoja unachelewa kushika asubuhi ambazo chumba kimekauka. Fundi amekwisha kata kipande cha plaiwudi cha kuikalia, na wamekubaliana na mwalimu kwamba jukwaa litainuliwa na pointi kuhamishwa kabla ya kaskazi nyingine kuanza.